Ulimi wa Veniamin Struchkov

Veniamin Struchkov alizaliwa Mtaa wa Karakana hapa Zaozyorka, nyumba ya nne kutoka kwenye bomba la maji. Mimi nilizaliwa nyumba ya sita. Natanguliza hilo ili mtu asije akaniambia namsema nisiyemjua. Namjua tangu akiwa na makamasi, na nikimtazama vizuri, sioni kama ameongeza kitu kikubwa tangu wakati ule.

Baba yake alikuwa muunganishaji wa mabehewa stesheni, mlevi wa kawaida, hana habari ya mtu. Mama yake alikufa kwa mapafu Veniamin, au Venya kama tulivyomwita, akiwa na miaka mitano. Aliyemlea ni shangazi yake, Lukerya Savelyevna, mwosha mabehewa, mwanamke mwenye mikono mipana kama makasia na mtoto wake mmoja wa kike, Anfisa. Anfisa amenihadithia mara nyingi jinsi Venya alivyokuwa akila supu: anaopoa vitunguu kipande kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, kama mtu anayepanga ushahidi mbele ya hakimu. Shangazi hakumpiga wala kumkaripia. Alivila vile vitunguu yeye mwenyewe. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Alipofika miaka kumi na minane akaenda Perm, akaajiriwa na watu wanaouza vipuri vya mitambo ya kupasha nyumba joto: koki, mipira ya kuzibia mabomba, vitu kama hivyo. Kazi yake ikawa kusafiri. Juma hili yuko Kirov, juma lijalo Yekaterinburg, na kati ya hapo vijiji na vituo visivyo na idadi. Alikula wanapokula wasafiri wote. Alinunua sambusa za kabichi kwa wanawake wa kwenye jukwaa la treni, akala supu katika migahawa ya madereva wa malori, akanywa chai kwenye glasi ndani ya behewa. Miaka kumi na tano alikula hivyo na hakufa. Hata alinenepa.

Kisha kampuni yake ikampa zawadi ya safari ya Italia, yeye na mkewe Eleonora. Siku tisa. Kuna watu wanaolazwa siku nyingi kuliko hizo kwa kidole tumbo, wakarudi nyumbani na akili zao zilezile. Struchkov akarudi akiwa mtu mwingine. Akawa anatamka majina ya jibini huku amefumba macho. Akawa ananusa mkate kabla ya kuula. Sikukuu ya chapati za maji, ile ya kuaga baridi, ilipofika, wakaalikwa kwa wazazi wa Eleonora. Mama mkwe alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri, akazileta zinatoa mvuke, na malai chachu pembeni. Struchkov akaimega moja, akatafuna polepole, akasema mbele ya wakwe na majirani, "Unga wenu umekosa tabia."

Unga umekosa tabia! Eleonora alikusanya nguo zake kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, na mimi, ambaye sijawahi kumwona mwanamke huyo hata siku moja, nilimwombea heri.

Alipobaki peke yake ndipo akaanza kuandika. Akafungua ukurasa kwenye mtandao akauita "Njaa Njiani". Kila alipopita na koki zake, alikula, akapiga picha, akaandika. Watu wa mijini walimpenda sana. Walifika elfu arobaini wanaomfuata, wamekaa kwenye ofisi zao zenye joto, wakimsoma anavyotucheka sisi.

"Warusi hatupiki," aliandika. "Tunachemsha mpaka kitu kikiri makosa."

Kuhusu chakula chetu cha mchana aliandika, "Cha kwanza ni maji. Cha pili ni adhabu. Cha tatu ni maji tena, safari hii na zabibu mbili zilizokufa." Na kuhusu sisi wapishi wa kantini tunaogawa chakula dirishani, alisema tuna kofia za madaktari na nyuso za askari jela. Kuna siku aliandika kwamba majani ya shibiti tunayonyunyizia chakula ndiyo theluji ya pili ya nchi hii, yanaanguka juu ya kila kitu bila kuulizwa. Hiyo nilicheka, kwa sababu ni kweli, halafu nikajichukia mchana mzima.

Ingekuwa mchezo tu, ningenyamaza. Lakini kuna kituo kidogo huko njiani ambako mwanamke mmoja, Taisia, alikuwa akipikia wafanyakazi wa reli na wasafiri kwa miaka ishirini na sita. Struchkov akapita, akala katlesi na njegere, akaandika kwamba njegere zile zina rangi ya soksi za marehemu. Elfu arobaini wakacheka. Mwezi uliofuata wakubwa wa kituo, kwa aibu, wakampa nafasi ile mtu mwingine wa kuuza soseji ndani ya mikate. Taisia sasa anauza soksi sokoni. Soksi hasa. Hata hilo mtu alimpelekea Struchkov, naye akalitumia kama kichekesho.

Basi Februari ile Lukerya Savelyevna akafariki. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji wakawasha matairi juu ya kaburi siku nzima ili udongo ulegee. Kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa karakana miaka thelathini, wakubwa wakatoa kantini yetu kwa chakula cha mazishi, nami ndiye mkuu wa jiko pale. Jina langu Zoya Terentyevna, ingawa karakana nzima huniita shangazi Zoya.

Tuliingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, mimi na wenzangu wawili. Tukapika mchele wa asali na zabibu, ule ambao kila mwombolezaji anauonja kijiko kimoja kabla ya kitu kingine. Tukapika supu ya kuku na tambi, chapati za maji, katlesi na viazi vya kuponda, na mwishoni kiseli, ule uji mwepesi wa matunda mekundu ya kinamasi. Kiseli ndicho kinachofunga. Kikishatolewa, watu wanajua ni wakati wa kuaga.

Sasa nitasema kosa langu, maana ni langu. Lukerya alikuwa rafiki wa mama yangu. Nilikuwa nakoroga kiseli huku nalia, mvuke umenijaa usoni, nikachota kwenye kopo nililolizoea mkono wa kulia. Kumbe mwenzangu alikuwa amehamisha makopo asubuhi ile alipofuta rafu. Nikatia chumvi mahali pa sukari. Chumvi laini, nyeupe, vikombe vizima. Na sikuonja, mimi ambaye nimewafokea watu miaka ishirini kwa kutoonja.

Watu walikuja kama hamsini. Mbele, kwenye meza ndogo, tuliweka picha ya Lukerya, na mbele ya picha glasi ya vodka imefunikwa kipande cha mkate mweusi, kama ilivyo ada. Struchkov alikuwa amewasili asubuhi kwa treni, na koti la kitambaa kizuri. Hakunitambua. Nilimpa mkono wa pole, akanipa koti lake nikalitundike.

Akakaa karibu na picha. Mwanzoni alitulia. Zilipokuja katlesi akatoa simu, akasogeza sahani, akaitazama, hakuridhika, akasogeza glasi ya marehemu. Kisha akanyoosha mkono akaigeuza ile picha yenyewe ielekee ukutani, maana kioo chake kilikuwa kinamrudishia mwanga.

"Venya," Anfisa akamwambia kwa sauti ya chini. "Rudisha picha ya mama."

"Sekunde tu, dada. Mwanga."

"Mwanga gani? Umemgeuzia mama uso ukutani!"

"Si ndiyo namalizia? Usinitikise mkono."

Nilikuwa nimesimama dirishani na upawa mkononi. Mungu anajua nilivyoushika.

Tukaleta kiseli. Wa kwanza kunywa alikuwa mzee Prokhor, fundi wa kuchomelea aliyestaafu. Akapiga funda moja kubwa, macho yakamjaa machozi. Jirani yake akampigapiga mgongoni, "Jikaze, mzee, jikaze, wote tutapita njia hiyo." Wengine wakanywa, wakaganda. Anfisa alionja, akaniangalia moja kwa moja, nami nikajua. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini ni matanga, nani ataanza kulalamika? Mmoja mmoja wakaweka glasi chini taratibu, wakapangusa midomo, wakamwombea marehemu pumziko. Glasi zikabaki zimejaa meza nzima.

Isipokuwa ya Struchkov. Yeye alikunywa yote. Kisha, bila kuuliza, akachukua ya Anfisa akainywa pia.

Nilidhani ni heshima. Naomba mniamini, kwa siku nne nzima nilimdhania mema mtu yule. Nilisema moyoni, kumbe ana utu, amekunywa chumvi ili nisiaibike.

Siku ya tano, saa saba mchana, kantini imejaa, mzee Prokhor akaingia na simu ya mjukuu wake ameinyanyua juu. Huja kula kwetu kila siku, kwake hana mtu wa kumpikia.

"Nyamazeni! Tumeandikwa!"

Akavaa miwani, akasoma. Struchkov alikuwa ameandika mazishi ya shangazi yake kama anavyoandika mgahawa wa malori. Supu yetu ni "maji ambayo kuku aliogea." Katlesi zetu ni mkate uliowahi kusikia habari za nyama. Kuhusu marehemu mwenyewe: "Nimekulia supu ya mwanamke huyu, na nimepona." Watu waliacha vijiko. Halafu mzee Prokhor akafika mwisho.

"'Na kiseli,'" akasoma, "'ni sukari, sukari, sukari. Mrusi anaizamisha huzuni yake kwenye sukari mpaka meno yanaingia ganzi.'"

Mzee Prokhor akavua miwani, akaivaa tena, akasoma upya.

"Sukari," akasema. "Dada Zoya, umesikia? Sukari!"

"Nimesikia, mzee."

"Mimi nililia kwa ile sukari!"

Ndipo kantini ikalipuka. Watu walipiga meza. Kuna msukaji wa nyaya alijilaza juu ya benchi akishika tumbo. Tukaelewa wote mara moja: mtu huyu aliyefunga jiko la Taisia hajui chumvi ni nini na sukari ni nini.

Anfisa, aliyekuwa amekuja kula, hakucheka. Alikuja kwangu jikoni akakaa juu ya gunia la viazi, akalia kwa lile neno "nimepona". Alilia kwa muda, akapenga kamasi, akasema, "Shangazi Zoya, arobaini ya mama iko mwezi ujao. Nitamwita. Nawe utapika kiseli."

"Kipi?" nikamuuliza.

"Wenzetu kizuri. Yeye chake."

Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Akaitwa, akaja. Alikuja upesi kabisa, nadhani alitaka sehemu ya pili ya makala. Watu walikuwa kama thelathini. Theluji ya nje ilikuwa imegeuka tope. Alikula kila kitu, akapiga picha, ila picha ya Lukerya safari hii Anfisa alikuwa ameishika mapajani. Nikapita na kiseli, nikawawekea wote kutoka kwenye sufuria, na Struchkov nikamwekea kutoka kwenye birika dogo lenye vijiko vinane vya chumvi. Akanywa nusu.

"Vipi kiseli, Venya?" Anfisa akauliza.

"Unataka ukweli?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Tamu mno. Hamsikii la mtu. Tamu ya kutia meno ganzi."

"Tamu?"

"Tamu, dada. Tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto."

Mzee Prokhor akanyoosha mkono, akachukua ile glasi. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akampitishia jirani. Glasi ikazunguka meza nzima, kila mtu anagusa, anakunja uso, anapitisha. Ilipomrudia Struchkov alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Chumvi, mwanangu," mzee Prokhor akamwambia, wala hakusema kwa ukali. "Hata mbuzi angejua."

Anfisa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ameikumbatia picha ya mama yake, na wote tukafuata. Najua haifai kucheka siku ya arobaini. Lukerya mwenyewe angekuwepo, angecheka kuliko wote.

Struchkov akanifuata jikoni. Alisimama karibu na jiko, mikono mifukoni.

"Wewe ni Zoya," akasema. "Wa nyumba ya sita."

"Umenijua leo?"

Kisha akanieleza. Vuli ya mwaka juzi alipata homa, akalala siku kumi na mbili kwenye chumba cha hoteli, na alipoamka ulimi wake ulikuwa kama wa mtu mwingine. Hasikii chumvi, hasikii sukari, hasikii uchachu, hata harufu haisikii. Madaktari wamemwambia asubiri. Anakula kwa kuangalia saa.

"Najua nina njaa kwa sababu mikono inaanza kutetemeka," akasema.

Nilimwonea huruma. Nakiri. Mtu akikuambia kitu kama hicho karibu na jiko lako, ukiwa na moyo, unamsogezea kigoda. Nikamsogezea.

"Umeandika mangapi tangu homa hiyo?" nikauliza.

"Mia na kumi hivi."

"Na ya Taisia?"

"Taisia gani?"

"Wa njegere."

Alifikiri. Kweli kabisa alikuwa anatafuta kichwani. "Ah. Zile. Zilikuwa za kijivu, Zoya. Kitu cha kijivu huna haja ya kukionja."

"Njegere kavu zikipikwa kwa maji ya kisima huko huwa za kijivu. Zinaweza kuwa tamu kuliko zako za Italia, usingejua."

"Watu hawasomi kwa ajili ya utamu," akasema. Halafu akatazama mlango, akasogea, akashusha sauti, nikadhani ataniomba radhi. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa jibu. "Zoya, zile katlesi za leo. Zilikuwaje? Nipe sentensi moja tu, nitaipamba mwenyewe."

Nilimwangalia yule mtu. Ameaibishwa mbele ya ukoo wake, shangazi aliyekula vitunguu vyake yuko ardhini siku ya arobaini, na yeye anatafuta sentensi.

"Zilikuwa nzuri," nikamwambia. "Andika hivyo."

"'Nzuri' haisomwi."

Nikachukua kigoda changu, nikakirudisha pembeni.

"Basi usimwambie mtu," akasema akiwa mlangoni. "Kuhusu ulimi."

"Watu thelathini wamepokezana glasi moja. Nimwambie nani aliyebaki?"

Akaondoka na treni ya saa kumi. Mhudumu wa behewa lake ni shemeji wa mmoja wa wenzangu wa jikoni, kwa hiyo habari ilisafiri naye kwenye treni ileile. Haukupita mwezi, wapishi wa njia nzima walikuwa wanamjua kwa sura na koti. Walimwekea chumvi kwenye chai, sukari kwenye supu ya bitiruti, haradali ndani ya chapati. Yeye akawa anakula na kuandika. Ile supu ya sukari aliisifu, alisema hatimaye kuna mpishi asiyeogopa viungo. Mmoja wao huko karibu na Kirov akamrekodi tangu anapochota sukari mpaka Struchkov anapofuta bakuli kwa mkate, akaiweka mtandaoni kando ya makala.

Wasomaji wakapungua. Si wote. Elfu kumi na mbili wamebaki, na Anfisa anasema hao ndio wabaya zaidi, maana hawakuja kwa chakula tangu mwanzo. Mtu wa soseji alishindwa, akafunga wakati wa kiangazi, na wakubwa wa kituo wakamfuata Taisia sokoni wakamwomba arudi. Taisia akawaambia amezoea kukaa, miguu yake inamshukuru. Kwa hiyo pale kituoni sasa hakuna soseji wala njegere. Kuna mashine ya biskuti, na wafanyakazi wa reli wanabeba chakula kutoka nyumbani kwenye mitungi ya kioo.

Oktoba Struchkov alikuja kusimamisha uzio wa chuma kwenye kaburi la Lukerya. Anfisa alimlazimisha. Alipomaliza akaja kantini, matope mpaka magotini, akasimama kwenye foleni nyuma ya wachomeleaji. Alipofika dirishani nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu.

"Supu ya kabichi au ya samaki?"

"Yoyote," akasema.

Nikampa ya kabichi. Nikampa na katlesi mbili, maana alikuwa amefanya kazi ya mikono siku nzima na katlesi moja haitoshi mtu wa namna hiyo. Alikula haraka, macho kwenye saa ya ukutani, akafunga koti, akatoka. Vyombo aliviacha mezani, ingawa kibao cha kuwaambia watu warudishe vyombo kiko pale mbele ya macho yake, kwa herufi nyekundu. Nikaenda nikavitoa mwenyewe.